Zebaki Chini ya Kitanda

Kaka yangu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Akipita Chamwino kuniona huacha begi lake chini ya kitanda changu, nami silifungui. Mama alipokuja kunitembelea kutoka Kolo alianza kusafisha chumba, kama kawaida yake. Alipolivuta begi, kichupa kikadondoka na kupasuka sakafuni.

Nilikuwa uani napika. Nilipoingia, nikaona vitone vya rangi ya fedha vinakimbia kuelekea kwenye nyufa za saruji. Vingine vilikuwa vimenasa kwenye kanga yake. Tayari alikuwa ameshika fagio.

"Mama, usifagie. Hiyo ni zebaki, ya kukamatia dhahabu. Ukifagia inasambaa, na mvuke wake ni sumu."

Nilifungua dirisha, nikamwomba avue ndala na kanga mlangoni, nikavitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga. Mama akabaki uani na gagulo, mbele ya wapangaji wenzangu. Jirani mmoja akamletea kitenge. Mama alikipokea bila kuinua macho.

Nyumba ile haina dari, hewa ya chumba kimoja ni ya wote. Ikabidi nigonge kila mlango niwaombe watu watoke na watoto wao, kisha nikampigia simu bwana afya wa kata. Alikuja amevaa glavu na barakoa. Vitone alivisukuma taratibu kwa karatasi ngumu mpaka vikaungana, akavitia kwenye chupa yenye kifuniko. Vile vidogo kabisa alivinasa kwa utepe wenye gundi.

"Hii kanga msiifue," alisema. "Zebaki itaingia mtaroni. Nitaondoka nayo. Sasa, mali hii ni ya nani?"

"Ni yangu," mama alijibu.

"Mama, wewe unachimba dhahabu?"

Mtu mmoja akacheka. Bwana afya hakucheka. "Siulizi ili nimfunge mtu. Nataka kujua kama kuna nyingine mahali pengine."

Mama alinitazama. Nikasema, "Ni ya kaka yangu." Nilitamka kwa sauti ndogo, lakini ua mzima ulisikia.

Bwana afya alimpigia kaka. Kaka alikana kwanza, baadaye akakubali kwamba alikuwa na chupa nyingine Kolo, jikoni kwa mama, nyuma ya chungu cha unga. Simu ilipokatwa, mama alikaa chini pale pale. Jikoni humo ndimo wajukuu wake wanamolia chakula.

Chupa ya Kolo ilichukuliwa kesho yake na bwana afya wa huko, ikiwa nzima. Sisi tulilala kwa jirani, chumba kikaachwa wazi mpaka bwana afya alipokuja tena kukikagua na kuturuhusu kuingia.

Kabla ya kuondoka, mama alipita mlango kwa mlango. Nilikuwa ndani, namsikia. Wanawake wenye umri wa kuwa binti zake walimwamkia shikamoo, naye baada ya marahaba aliwaomba radhi kwa niaba ya mwanawe. Nilitakiwa kuwa pale kando yake. Nilishindwa hata kusogea mlangoni.