Jiko la Mama Queen

Teodora alikuwa mama lishe wa stendi ya Buzuruga, na kama ulipita pale ukaondoka bila kuonja sato wake wa mchuzi, basi uliondoka na njaa kwa ubishi wako mwenyewe. Luhende, fundi wa breki, alianza kuwa mteja akaishia kuwa mume. Watu walimtania kwamba hakuoa mke, alioa sufuria. Hakuwahi kukana.

Saratani ya mfuko wa mayai ya Teodora ilipogundulika, ilikuwa imeshatambaa tumboni. Baadaye ikauziba utumbo, na kila alichomeza kikarudi. Madaktari walisema kwa upole kwamba kumpasua tena kungemmaliza, ila si lazima akae wodini. Wakampitishia mpira mwembamba puani hadi tumboni, utoe maji yaliyokwama na kuyamwaga kwenye mfuko. Sista Gladness, muuguzi anayewafuata wagonjwa majumbani, akamfundisha binti yao Queen kumwaga mfuko huo na kumchoma mama yake sindano za kutuliza kichefuchefu na maumivu. Chakula, hapana. Maji, funda dogo dogo la kulowesha mdomo.

Wakarudi nyumbani, na hapo huruma ikawatia upofu. Luhende aliamuru jiko lisiwashwe. Mtu asiyeweza kula utamkaangiaje samaki puani? Queen akawa anakula kwa jirani. Luhende alikula chipsi nyuma ya gereji, amesimama, kisha akafuta midomo kama mwizi. Majirani waliposikia hakupikwi pale, wakaanza kuleta masufuria yaliyofunikwa kwa kanga, wakiyapitisha mlango wa uani.

Teodora aliwaona dirishani. Kila mtu pale mtaani anajua: nyumba iliyozima jiko, ikaletewa chakula na majirani, ni nyumba ya msiba.

"Baba Queen," akaita. "Nani amekufa humu ndani?"

"Hakuna, mama Queen. Mbona unasema hivyo?"

"Jiko limezimwa, watu wanaleta masufuria. Matanga ya nani haya?"

Luhende akajieleza kwa kigugumizi. Hawakutaka harufu imtese.

"Kinachonitesa ni nyumba kunyamaza. Kilichoziba ni utumbo, siyo pua. Nimelisha watu maisha yangu yote, halafu mnataka nife kama mgeni nyumbani kwangu?"

Luhende alilia palepale, mwanaume mzima, mbele ya binti yake. Iliuma kwa sababu ilikuwa kweli: alikuwa ameanza kumzika.

Sista Gladness alipokuja, wakamuuliza. Akasema wapike tu. Mgonjwa anaweza hata kuonja mchuzi uliochujwa, kidogo sana, maadamu mpira unatoa vizuri. Akichefuka, waache.

Basi wakamkalisha uani, ule mfuko wameufunika kwa kitenge. Queen alipika, Teodora akaamrisha. Punguza moto. Usikoroge, huyo ni samaki, siyo zege! Mchuzi ulipochemka akanyoosha kiganja, akadondoshewa tone, akalilamba jinsi wapishi wanavyoonja. Akafumba macho.

"Chumvi bado," akasema.

Sahani ya Luhende ikaletwa. Akamega tonge la kwanza, akalirudisha sahanini.

"Siwezi, mama Queen. Nile na wewe unatazama tu?"

"Nimekutazama ukila tangu hujanioa. Kula."

Akala. Teodora alilifuata kila tonge kwa macho, na Luhende alipomeza, koo la mkewe nalo lilipanda na kushuka. Sahani ikaisha.

"Mwongeze baba yako," akamwambia Queen.

Tumbo la Luhende lilikuwa limejaa hadi linauma. Hata hivyo alimega tena, na tena, machozi yakimdondokea sahanini, kwa sababu yeye alikuwa ameshiba zamani, lakini mwenye njaa alikuwa bado hajatosheka.