Majina Yaliyoshonwa Ndani ya Kola

Dobi Mkubwa, binti wa dobi, mjukuu wa mwanamke aliyezika watoto watatu mwaka mmoja na bado akashika jembe. Aliyepiga pasi miaka hamsini na sita bila kuunguza shati la mtu: huyo ndiye dada yangu, tumbo moja. Namwandika mimi kwa kuwa Chama cha Wachina cha hapa mjini kimechapa kitabu kizima cha historia ya chama, na humo dada hayumo hata kwa nukta.

Hilo angelimeza. Lililomkwama kooni ni majina. Wazee ishirini na wawili walioanzisha chama, katika chumba cha nyuma cha duka letu la udobi, waliingia nchi hii kwa karatasi za watu wengine waliokwisha kufa, maana za kwao zilikataliwa. Bandarini waliitikia majina ya marehemu. Wenyewe kwa wenyewe waliitana ya kweli, na watoto wakaonywa wafunge midomo. Sasa katibu, msomi wetu, kaenda uhamiaji kanakili ya kwenye karatasi, na zilibaki siku mbili yachongwe kwenye jiwe la mlango wa chama. Baba yetu kapewa jina la mtu asiyemjua hata kwa sura!

Dada akajikongoja na fimbo yake hadi mkutanoni. Mwenyekiti akamwambia bibi apumzike, hayo ndiyo majina ya serikali, na wa kushuhudia mengine wameshazikwa.

Dada akajibu kwamba yeye ameshuhudia kwa sindano. Tangu ana miaka minane ndiye aliyeshona jina la kweli la kila mzee ndani ya kola, mashati yasichanganyike kwenye beseni. Serikali haikupata kufunua kola ya mtu. Akaanza kuyataja, jina na kijiji. Alipofika la tisa, akamgeukia mwenyekiti.

"Huyu ni babu yako. Ukoo unaotupigia kifua hapa ni wa maiti ya watu. Wako ni mwingine."

Mwenyekiti akaketi. "Upi, bibi?"

Akamwambia. Mtu mzima na kipara chake akalia mbele ya wajumbe. Sikumwonea huruma; miaka yote hiyo walimwita dada "yule wa nguo".

Kisha dada akamwita katibu.

"Msimamishe mchongaji. Kesho njoo kwangu na daftari, nitakutajia wawili kila siku. Na kila jina, mwanangu, uende ukawaambie wajukuu zake kwa mdomo wako kabla halijafika kwenye jiwe."