Sura Ambayo Firmin Hakuikata

Alphonsine Hanquet alizaliwa kando ya mto Meuse, akaanza kufulia watu nguo akiwa na miaka tisa, na shule aliiona kwa nje tu. Kusoma hakujua. Siri hiyo aliijua mumewe peke yake, Firmin, aliyekuwa akifungulia mashua malango ya mfereji.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana Firmin alishika kisu cha mkate na riwaya mpya ya upelelezi. Vitabu vya siku hizo viliuzwa kurasa zikiwa zimeshikana, naye alikata zile za siku hiyo tu, kisha akamsomea mkewe. Miaka ishirini na mmoja, vitabu arobaini na vitatu, inspekta yule yule mnene. Na inspekta huyo alikuwa na utu, jamani! Akigundua kwamba muuaji ni maskini aliyeonewa hadi uvumilivu ukamwisha, humwambia, "Nenda zako." Firmin akifika hapo alisita, akakohoa, akalaumu moshi wa jiko. Alphonsine alilia kila mara. Kaka yake Lambert alimchoma kisu msimamizi wa machimbo, na hakuna aliyemwambia aende zake. Alifia gerezani.

Mwezi wa pili Firmin alianguka pale pale langoni, akafa. Kitabu cha arobaini na nne kikabaki mezani, sura ya mwisho haijakatwa. Yule msichana mfua nguo aliyemuua tajiri wake, inspekta alimfanyaje? Kuuliza ni kujianika. Kutouliza ni kumwacha Firmin na maneno mdomoni. Wiki tano Alphonsine alikizunguka kitabu kile, mwishowe akashindwa kuvumilia.

Tarishi Fulgence alipoleta barua alimkuta mlangoni na kisu cha mkate mkononi.

"Lo! Bibi, nimekukosea nini?"

"Ingia, acha upuuzi wako. Nisomee. Sijui kusoma, Fulgence. Ukimwambia mtu nitakutupa mferejini."

Fulgence alivua kofia, akakata kurasa, akasoma. Inspekta alimshika msichana mkono, akampakia garini. Kifungo cha maisha. Mwisho.

"Umeruka," alisema Alphonsine.

"Sijaruka, bibi. Mimi nimevisoma vyote. Jamaa yule hamwachii mtu hata siku moja."

"Mwongo mkubwa! Lete kile chekundu, cha mwenye mashua."

Mwenye mashua alifungwa. Yaya wa kitabu cha kijani alifungwa. Mchimba makaa naye alifungwa, na Fulgence akaona haya kuendelea.

Alphonsine alilitazama jiko. Dohani lake alilisafisha mwenyewe kila Jumamosi, na moshi haukuwahi kuingia chumbani. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza.

"Alikuwa akitunga," alisema. "Mume wangu alikuwa akitunga, kwa ajili ya Lambert wangu. Na mimi mjinga nikamfungulia dirisha!"

Alilia sana, bila kujificha. Kisha akafuta uso kwa aproni, akamsogezea tarishi kile kitabu kipya.

"Nisomee tena mwisho. Safari hii soma kama Firmin."

Fulgence aliinamia ukurasa. Akasita. Akakohoa.

"'Nenda zako, binti,' inspekta alisema."