Nilitoa Mikorosho Wakfu Ili Kumkomoa Kaka Yangu

Jamani, msinionee huruma. Nimekosa, tena nilikosa makusudi, akili zangu timamu!

Mimi ni mjane, sikujaliwa mtoto. Kijijini kwetu, si mbali na Kitaya, nilikuwa na shamba la mikorosho niliyoipanda na marehemu mume wangu. Somoe, yatima niliyemlea tangu mdogo, ndiye aliyekuwa akilipalilia na kuipulizia miti salfa.

Mwaka niliougua, kaka yangu wa tumbo moja hakuja hata kunijulia hali. Ila maneno yake yalinifikia: "Acheni afe. Mrithi nipo, mikorosho itakuja yenyewe." Loh! Wallahi nilipona kwa hasira.

Nikamwita shehe. Akaniambia kwa upole, "Mama, andika wasia. Theluthi moja unaruhusiwa kumpa asiyekurithi. Mpe Somoe, au agawane na msikiti. Inayobaki ni haki ya ndugu yako."

"Haki gani?" nikamjibu. "Asipate hata bibo lililooza!"

Sikusubiri kufa. Nililitoa shamba lote wakfu kwa msikiti, mbele ya mashahidi. Watu wakaniombea dua, nami naitikia amina huku namtazama kaka yangu alivyonywea. Utamu wake! Somoe sikumuwaza kabisa.

Kumbe wakfu ukishatoka haurudi. Na msikiti haushiki jembe. Kamati hulikodisha shamba kila msimu kwa anayefika bei. Aliyefika bei nani? Kaka yangu!

Siku hiyo alikuja kunisalimia, mara ya kwanza tangu niugue. "Dada, mikorosho sasa naikodi kwa Mungu. Una la kuongeza?" Nilitamani kumng'ata!

Somoe leo ni kibarua wake, kwenye miti aliyoihangaikia mwenyewe. Hanisemi. Aliniuliza mara moja tu, "Mama, mimi nilikukosea nini?"

Na moyo wangu haujapoa, nisiwadanganye. Namwombea kaka yangu mabaya hata nikiwa kwenye sijida. Astaghfirullah!

Wenzangu, toeni sadaka, andikeni wasia, lakini mkiwa mmetulia. Mtu akikuudhi, mfuate mlangoni kwake umtukane, yaishe. Usimtume Mungu akulipizie kisasi kwa riziki ya mtoto anayekutegemea. Mimi nilimpiga kaka yangu, akalia Somoe.