Kikohozi cha Mpaka Hina

Wiki tano Mejumaa alikohoa, na kwa wiki tano hizo Mji wa Kale mzima ukageuka daktari. Hakuna aliyempita njiani bila kumpa dawa. Jirani wa kulia alileta tangawizi, wa kushoto habbasoda, na muuza kahawa wa pembeni, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema dawa ni kitunguu kibichi alfajiri. Mejumaa akakila. Alinuka kitunguu siku tatu na akakohoa vilevile.

Hakikuwa kikohozi cha kumlaza mtu, na hilo ndilo lililomtia hasira. Homa hana, makohozi hana. Ni mabaki tu ya mafua ya kawaida: kooni kunamtekenya, anajikaza, anajikaza tena, halafu khu! Na khu ya kwanza ikishatoka, nyingine zote huja mbio kuiangalia imekwenda wapi.

Mtu mwingine angevumilia. Mejumaa alikuwa mpaka hina. Mwaka huo wa 1994 ulikuwa wa kumi na nane tangu aanze kupamba mabibi harusi, kuanzia Kibokoni hadi Tudor, kwa kijiti chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Hina ikikosewa hufutwa upesi ikasameheka. Piko, ile rangi nyeusi ya kuzungushia maua, haina msamaha. Tone likianguka pasipo pake, bibi harusi atakwenda nalo fungateni.

Tena alikuwa ameshakosea. Kwenye harusi moja Mbaraki kikohozi kilimpata katikati ya ua, kijiti kikakimbia kutoka kidoleni mpaka kwenye kifundo cha mkono. Aliugeuza ule mstari mche unaotambaa, na wanawake wakausifu kwa vigelegele. Lakini walikuwa wamemsikia anavyokohoa, na kufikia Ijumaa maneno yalishatapakaa: Mejumaa ana kifua, tena huenda ni kifua kikuu. Nyumba mbili zikamtumia salamu kwamba wamepata mpakaji mwingine. Ikabaki moja, ya Hussaina binti Sabira, pale Ndia Kuu: mikono hadi viwiko, miguu hadi magoti, Alhamisi. Akiharibu hapo, kazi yake imekwisha, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko wote waliokuwa wakinong'ona.

Aliyemwokoa ni shoga yake Dama, muuguzi mstaafu wa Tudor, Mgiriama asiyekuwa na subira na upuuzi. Wiki ya nne Dama alimburura mpaka hospitali, akapimwa makohozi yale machache aliyoweza kuyatoa, kifua kikapigwa picha. Kikaonekana kisafi. Jumapili iliyofuata wakakaa barazani kwa Dama wanakunywa chai.

"Haya, nambie," Dama akasema. "Wakohoa zaidi saa ngapi?"

"Jioni. Baada ya magharibi mpaka nilale."

"Na baada ya magharibi wafanya nini?"

"Najifukiza," Mejumaa akajibu, tena kwa fahari. Kila jioni alitia makaa kwenye chetezo, akanyunyiza ubani, akajifunika leso kichwani na kuuvuta ule moshi mpaka machozi yakamtoka. Mamake alifanya hivyo na bibi yake pia. Husuda hutoka, na kikohozi nyuma yake.

Dama akaweka kikombe chini. "Wewe, Mejumaa! Koo limechubuka, nawe walitia moshi kila jioni lipoe?"

"Ubani ni dawa, Dama."

"Harufu yake nzuri, sikatai. Lakini moshi ni moshi."

Akamweleza polepole. Mafua yakiondoka huliacha koo limekuwa jepesi la kukasirika. Moshi kidogo, vumbi kidogo, hata upepo wa baridi, likatekenywa. Ukikohoa unalikwaruza, na likikwaruzika linatekenya tena, nawe unazunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta. "Mwasho ukija usiukimbilie. Funga mdomo, meza mate, vuta pumzi kwa pua taratibu, kisha funda la maji ya vuguvugu. Usiku asali kijiko kimoja. Na chetezo ukiweke mbali."

Mejumaa alitii kwa shingo upande. Lakini Jumanne usiku alilala moja kwa moja mpaka adhana ya alfajiri! Alipoamka alikaa kitandani akacheka kwa sauti makusudi, kulijaribu koo. Halikutekenya. Akacheka tena, sasa kwa furaha ya kweli, na akaanza kuchonga vijiti vyake palepale kabla hata ya kunywa chai.

Alhamisi baada ya adhuhuri nyumba ya Sabira ilikuwa imefurika wanawake. Hussaina alikuwa juu ya kitanda, macho chini, kimya, kama ilivyompasa. Sabira akampokea mpakaji mlangoni.

"Nasikia una kifua."

"Kimepimwa, Mama Hussaina. Hakina kitu."

Sabira akampisha aingie. Alikaa mbali, amejiziba pua kwa ncha ya mtandio.

Mejumaa akaanza. Loo, mkono ulivyokuwa ukimtii siku hiyo! Maua yalifuatana kwenye kiganja, majani yakapanda vidoleni, na wanawake wakasogea kuangalia. Ndipo mmoja wao akaleta chetezo, akakiweka chini ya kitanda, maana bibi harusi hufukizwa huku akipakwa. Moshi ukapanda. Koo likaamka.

Akainua kijiti juu, akafunga mdomo, akameza, akavuta pumzi kwa pua. Funda la maji. Mwasho ukapita. Akarudi kwenye ua lake, na mwasho ukarudi pamoja naye, mkali zaidi, macho yakajaa maji. Katika mji ule hakuna anayeomba chetezo kitolewe chumbani mwa bibi harusi. Ni sawa na kuomba bibi harusi mwenyewe atolewe. Mejumaa akaogopa kweli. Kisha akasema.

"Niwieni radhi, Mama Hussaina. Chetezo kitoke na dirisha lifunguliwe."

"Mwanangu asifukizwe?"

"Mfukizeni nikimaliza, mpaka majirani walalamike. Lakini saa hii mkono wake nimeushika mimi."

Sabira akasimama. Mejumaa akajua anafukuzwa, akakaza kijiti mkononi. Mara kukasikika khu! Si yeye. Hussaina alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika, anakohoa.

"Mama, nami kikohozi chanitekenya tangu jana," akasema bibi harusi, uso umemwiva. "Naona haya kusema."

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Hata Sabira kilimshinda. Alikichukua chetezo kwa mikono yake mwenyewe akakitoa uani, akafungua dirisha, na upepo wa bahari ukaingia.

Mejumaa akapaka. Alipaka viwiko, akapaka magoti, na mwasho ulipomjia tena mara mbili aliutuliza kwa maji. Kabla ya magharibi ua la mwisho lilifungwa kwenye kidole kidogo cha mguu, na piko haikutetereka popote. Vigelegele vikafika mpaka barabarani.

Alikuwa akikusanya vijiti vyake Sabira alipokuja akakaa mbele yake, karibu hata magoti yakagusana. Mtandio ulikuwa umeshuka mabegani.

"Sijapakwa tangu harusi yangu," akasema, na akaweka mkono wake, kiganja juu, kwenye mapaja ya Mejumaa.

Mejumaa akaushika. Akalia kidogo, kisha akachovya kijiti.