Usubi wa Shimo la Makumbi

Mtu asiyekaa kwetu Kipungani huita mbu kila kinachomuuma. Usubi si mbu. Ni mdogo kama punje ya pilipili manga iliyosagwa, hana mlio, na chandarua chako anakipenya huku akicheka. Hujui kama yupo mpaka umeanza kujikuna.

Aliyenifundisha kumtazama ni mwalimu mmoja, mwanamke wa kutoka bara. Alikuja na binti yake mchanga akapanga chumba upande wa pili wa ua wetu, na tangu nipewe talaka sikuwa nimepata mtu wa kucheka naye kama yeye. Kwao mlimani, alisema, kuna inzi weusi wadogo wenye kibiongo, wanaouma mchana, na mabuu wao hushikilia mawe katika mto uendao kasi. Hawa wetu hawana kibiongo, mbawa zao zina madoa, na mto hatuna. Basi wanazaliwa wapi? Alikuwa na sababu ya kuuliza. Kila alipoumwa, mtoto alitoka malengelenge, akayakuna yakawa vidonda. Zahanati walisema mwili wake hauwavumilii usubi, asiumwe tena.

Mama yangu alikuwa na jibu lake. "Usubi huya na pepo zivumazo mikokoni," alisema, na kila alasiri akafukiza makumbi makavu ya nazi mlangoni pa mwalimu. Mtoto akawa anajikuna na kukohoa. Mama alimpenda mno mtoto yule.

Mama husokota kamba. Makumbi aliyafukia kwenye tope nyuma ya ua, maji ya bahari yakipanda na kushuka juu yake kwa miezi, mpaka yalainike atoe nyuzi. Wenzake hufukia mbali, lakini magoti yake hayamruhusu. Siku moja mwalimu alichota tope la shimo lile, akalitia kwenye chupa na kuifunga mdomo kwa kipande cha leso. Ndani mlikuwa na vijidudu vyeupe, vyembamba kama uzi, vikijipindapinda. Baada ya siku kadhaa chupa ilikuwa na usubi tele.

"Ni hawa, Bi," alimwambia mama kwa upole. "Majike ndiyo yanayouma. Yanataka damu ya kutungia mayai."

Mama aliigeuza chupa mkononi. "Makumbi hayayaiva, mwanangu. Nkiyatoa sasa ni ya kutupa. Nisubiri kidogo."

Kamba ndizo zinazotulisha, na mwalimu alilielewa hilo. Heri angegomba. Uhamisho aliouomba ulitoka kabla ya makumbi kuiva, na siku alipoondoka nililia bila kujificha.

Makumbi yalipoiva, mama aliyatoa yote, akaliziba shimo kwa mchanga. Sasa anafukia mbali, anakwenda kwa mkongojo akinung'unika. Mara kwa mara huchota udongo pale palipokuwa na shimo, akautia kwenye chupa ile ile na kuifunga kwa leso. Juzi aliniita.

"Tazama. Hamna hata mmoya. Mwambie aye na mwana."

Nilipiga simu. Mtoto amepona, mwalimu alisema, sasa anatembea. Wamezoea huko, hawatarudi. Chumba chake kwetu kina mpangaji mwingine, na mama analijua hilo.

"Asemani?" mama aliuliza, chupa ingali mkononi.

"Anakusalimu," nikamjibu.