Klipu ya Yiti Isiyo na Sauti

Siku ya tatu ya msiba nilimdanganya mama wa marehemu, laptop ikiwa mapajani mwangu.

Msinihukumu kwanza. Someni.

Naitwa Maan, naishi Al Khuwair hapa Muscat, natengeneza video za muziki. Rafiki yangu Mahfoudh alikuwa mwimbaji. Mama yake, Bi Nunu, hakuutaka muziki kabisa. Miezi saba hasemi na mwanawe, na wanaishi nyumba moja. Chakula anamwachia mezani, kimefunikwa.

Tukaenda kushuti video ya wimbo wake mpya ufukweni Yiti. Nilitaka mawimbi yaende taratibu huku midomo ikiwa sawa na wimbo. Ujanja wake ni huu: wimbo unaupiga kwa kasi mara mbili, msanii anaimba mbio mbio, halafu picha unaipunguza kasi. Kamera yangu ikirekodi picha za kupunguzwa kasi hairekodi sauti. Ya nini, wakati ya studio ipo?

Mchana nikaenda kuchukua maji garini. Kamera nikaisahau inarekodi.

Siku nne baadaye Mahfoudh akafa kwa ajali ya gari.

Bi Nunu akaomba kumwona mwanawe kwenye video. Nikamfungulia zile klipu. Katika moja Mahfoudh yuko peke yake, anaitazama kamera, midomo inacheza. Dakika nzima, kimya.

"Huyo anazungumza na mimi," Bi Nunu akasema. "Maan mwanangu, n'tafutie kasema nini. Nnataka kujua kama kaondoka ana kinyongo na mimi."

Kulinganisha midomo na maneno ndiyo kazi yangu. Nikajifungia na klipu ile usiku na mchana, picha moja moja, mpaka nikapata.

Alikuwa akifanya mazoezi ya ubeti wa pili. Basi.

Niliumia, wallahi. Nikarudi kwake na uongo.

"Anasema anakupenda, mama. Anakuomba radhi, na yeye kakusamehe."

Akanitazama sana, kisha akafuta machozi, akaisogelea skrini.

"Rudisha mwanzo."

Nikarudisha. Bi Nunu akaanza kuimba ubeti ule wa pili taratibu, sambamba na midomo ya mwanawe. Hakukosea hata neno.

Nikamuuliza kaujulia wapi, maana wimbo haujatoka.

"Akiimba chumbani kwake, mie nnakaa chini nje ya mlango nnamsikiliza. Miezi yote hiyo. Nyimbo nzuri, Maan. Sikumwambia."

Tukalia wote wawili, sioni aibu kusema.

Mahfoudh kafa akiamini mama yake hajawahi kumsikia akiimba. Hilo siwezi kulihariri.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu unampenda kwa siri huku umemnunia, mfuate leo umwambie. Akishafukiwa, utaimba na picha.